Shangazi wa Sementi

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya jengo la posta ya zamani, na Fundi alikuwa amebakiza vifungo tu. Gauni la bibi harusi lilining'inia mlangoni mwa duka, jeupe pe, limekamilika kila mahali isipokuwa mgongoni, na mwenyewe angekuja kulichukua asubuhi. Vifungo vilivyokuwemo dukani havikutosha. Duka la jumla lilikuwa mtaa wa pili, na mwenye duka lile hakuwa mtu wa kusubiri mteja.

"Mama, twende ukakae kwenye benchi lako. Nakwenda kuchukua vifungo, narudi sasa hivi."

"Vifungo vya nani?"

"Vya bibi harusi."

"Nani anaolewa?"

Swali hilo lilikuwa limeulizwa tangu asubuhi hadi Fundi akaacha kulihesabu. "Binti mmoja mrefu, Mama. Alikuja hapa, mkacheka naye."

"Sikumwona," mama alisema, akijiinua kwa kushikilia meza ya cherehani. "Ila mwambie pole."

Fundi alicheka bila kutaka. Ndivyo mama alivyokuwa. Kumbukumbu zilikuwa zikimtoka moja moja kama punje kwenye gunia lililotoboka, lakini ulimi wake ulikuwa bado mkali kama wembe. Nyumbani hakuachwa tena peke yake, tangu siku alipowasha jiko akaenda kulala, na pazia likashika moto. Kwa hiyo alishinda dukani na bintiye, akikunja vitambaa ambavyo Fundi alivikunjua baadaye ili apate vya kukunja tena. Jioni ikifika alitaka benchi lake tu.

Benchi lilikuwa hatua chache kutoka dukani, kwenye njia ya watembea kwa miguu. Miaka ya nyuma manispaa ilipata wazo la kuupamba mtaa ule ili mji mdogo nao uonekane mji. Wakaletwa wachoraji, wakachora kwenye kuta za maduka: samaki wakubwa wa rangi ya machungwa, mpiga tarumbeta mwenye mashavu kama maboga, na ghorofa nzima ya kuchora, yenye madirisha ya kuchora, na kila dirisha lina mtu anachungulia. Akaletwa na msanii wa sanamu. Huyo akajenga za sementi: mtoto anasukuma tairi, mchuuzi ana sinia kichwani, mbwa ambaye sikio lake lilivunjwa na walevi wiki ile ile. Na mbele ya ghorofa ya kuchora, kwenye benchi la sementi, akamkalisha mwanamke wa sementi.

Watu walimwita Shangazi. Alikuwa amejitanda kitambaa kichwani, uso ameuinamisha kidogo, umri wake haujulikani. Kiganja cha mkono wa kulia kilikuwa juu ya benchi, kimefunguka, kama anayempa mtu mkono. Vijana walipenda kukaa pale, wakashika kiganja kile, wakapigwa picha. Kiling'aa kwa kushikwashikwa.

Jambo moja Fundi alikuwa ameliona siku nyingi, hakulitia maanani. Wale watu wa madirishani, kwenye ghorofa ya kuchora, hakuna hata mmoja aliyeangalia benchi. Wote walitazama pembeni. Kama watu walioona jambo ambalo hawataki kuitwa mashahidi wake.

"Shangazi, hujambo," mama alisema akikaa. Akaanza kuvuma wimbo wake, wimbo wa zamani ambao alikuwa ameukosea sauti tangu usichana wake, na hakuna aliyewahi kumrekebisha akafanikiwa.

Fundi akaenda.

Vifungo vilipatikana. Akavifunga kwenye ncha ya kitambaa chake, akarudi haraka haraka. Taa za barabarani zilikuwa zinajaribu kuwaka, zinazima, zinajaribu tena. Watu walikuwa wachache. Alipokaribia benchi kwa nyuma, akasikia mama anaongea. Hilo si jipya. Mama aliongea na Shangazi kila jioni, akamsimulia habari zote za nyumba yao.

Kisha akasikia anajibiwa.

Sauti ilikuwa kavu. Kama koleo linalokwangua mchanga.

"Umechoka?"

"Nimechoka, dada," mama alisema. "Nimechoka kweli kweli."

"Basi pumzika. Nipe mkono."

Fundi alitaka kupiga kelele. Alikuwa amechelewa. Aliona mkono wa mama, ule wenye pete nyembamba, ukiinuka kutoka mapajani... ukashuka polepole... ukaingia kwenye kile kiganja.

Taa zote za mtaa zikazima.

Ikaja harufu. Sementi mbichi, ile ya nyumba inayojengwa, maji na vumbi na chokaa. Ilijaa puani hadi Fundi akakohoa. Alikimbia, vifungo vikamwagika, hakuviokota.

Taa zikawaka. Mama alikuwa amekaa pale pale. Mkono wake ulikuwa mapajani. Aliutazama, akageuza kiganja, akakunja kidole kimoja, kingine, kingine, kama mtu anayejaribu glavu.

"Mama! Ulikuwa unaongea na nani?"

Mama akainua uso. Akatabasamu. "Na wewe, mwanangu. Twende nyumbani."

Kwa miezi mingi mama alikuwa akimwita Fundi kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Leo alimwita mwanangu, na akalitaja jina lake lenyewe, lote, bila kukosea. Moyo wa Fundi ukaruka kwa furaha kabla ya akili kuuliza swali lolote. Akamshika mkono. Ulikuwa baridi kama ukuta wa bafuni.

Njiani mama alitembea taratibu, akiweka mguu, akiusikiliza, ndipo akiuinua mwingine.

* * *

Siku zilizofuata, kila mtu alisema mama amepona.

Mdogo wake Fundi, muuza simu ambaye kwa kawaida alikuja mara moja kwa mwezi na kuondoka kabla ya chai kupoa, sasa alikuja karibu kila siku na mke wake. Walikaa sebuleni wakimtazama mama kama televisheni mpya. Mama hakuuliza tena swali mara mbili. Hakuacha jiko linawaka. Alifagia, alifua, alikaa wima kwenye kiti, mikono mapajani, hapepesi macho.

"Dada, hii ni miujiza," mdogo wake alisema. "Na wewe umekunja uso. Hufurahi?"

"Hacheki," Fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Eti?"

"Mama hacheki. Tangu siku ile. Wala havumi ule wimbo wake."

"Si afadhali! Ule wimbo ulikuwa adhabu." Akacheka, mkewe naye akacheka.

Lakini Fundi aliishi naye, na aliyeishi naye ndiye aliyeona. Mama alikunywa maji kikombe juu ya kikombe, bila kupumzika, kama ardhi ya kiangazi. Mvua iliponyesha alitoka nje akasimama uani, kisha akaingia ndani haraka, akakaa karibu na jiko akitetemeka, akisema, "Kuna paa. Kuna paa." Maji aliyoogea yalibaki ya kijivu kwenye beseni, na chini yake mchanga laini. Siku moja kitanda chake kilikatika katikati, mbao nene za miaka mingi, pwaa! Mwanamke mwembamba kama yule.

Na alijua mambo. Chakula kikiwa mezani alimgeukia muuza simu, akasema taratibu, "Yule binti wa gauni la kijani, ulimwambia utamwoa. Alilia sana ulipoondoka."

Kijiko kikamponyoka muuza simu. Mkewe akamgeukia. "Binti gani?"

"Mama anachanganya," alisema, jasho linamtoka. "Si mnajua hali yake."

Lakini hakuwa anachanganya. Fundi aliona kwenye uso wa mdogo wake kwamba hakuwa anachanganya. Binti wa gauni la kijani alikuwa kweli, na mambo hayo waliyazungumzia mahali fulani, wamekaa, hakuna mtu wa kuwasikia.

Hakuna mtu.

* * *

Kesho yake jioni Fundi alifunga duka, akaenda kwenye benchi peke yake.

Alisimama mbele ya Shangazi akamtazama. Sementi ile ile, nyufa zile zile, ndege wamemchafua begani kama kawaida. Akajilaumu kwa ujinga wake. Akageuka aondoke.

Nyuma yake, kwa mbali sana, kama mtu aliye chumba cha tatu na milango yote imefungwa, akasikia wimbo.

Umekosewa sauti. Pale pale unapokosewa siku zote.

Akapiga magoti kwenye njia, akaweka sikio kwenye kifua cha sanamu. Watu wawili walipita, mmoja akasema "mh," wakaendelea.

"Mama?"

Wimbo ukakatika.

"Nani huyo?" Sauti ilitoka ndani ya jiwe, ndogo, imesongwa. "Mbona giza? Mmezima taa?"

"Mama, ni mimi."

"Washeni taa, jamani. Na mkono wangu umekufa ganzi. Hapa ni wapi?"

Fundi alilia akijaribu kumweleza. Mama alisikiliza. Alipoelewa alipiga ukelele, ukelele ambao nje ulisikika kama upepo kwenye chupa tu. Kisha, baada ya kitambo kidogo, sauti ile ile ikauliza kwa upole, kama ndiyo kwanza inaamka:

"Nani huyo? Mbona giza?"

Alikuwa amesahau.

Fundi alimweleza tena, na mama alipiga ukelele tena, mbichi kama wa kwanza. Mara ya tatu Fundi hakuweza. Alisema, "Ni usiku, Mama. Bado hakujakucha. Lala."

"Haya," mama alisema. "Mlango umefunga?"

"Nimefunga."

Upande wa pili wa njia, mzee anayeshona viatu alikuwa ameacha kufunga mizigo yake. Alikuwa amemtazama muda wote ule. Fundi alipoinuka, mzee aliinamisha kichwa, kisha akamwita kwa mkono.

"Umesikia," alisema. Halikuwa swali.

"Wewe pia unasikia?"

"Nakaa hapa tangu sanamu hizi zinajengwa, binti yangu. Yule msanii alikuja na dada yake, msichana tu. Akamkalisha kwenye benchi ili amtazame huku akijenga. Kila siku alimkalisha, kuanzia asubuhi hadi jioni. Msichana analia, amechoka, anaambiwa kaa, bado kidogo. Siku sanamu ilipomalizika..." Akafuta midomo kwa mgongo wa mkono. "Niliwaona wakiondoka. Msanii anatembea mbele. Nyuma yake anakuja kitu kina sura ya dada yake. Kinatembea kama mama yako anavyotembea sasa."

"Na dada yake?"

Mzee akatazama benchi.

"Kwa nini hukusema?" Fundi alimshika shati. "Kila siku unamwona mama yangu anakaa pale!"

"Ningesema nini? Na mimi nilidhani mama yako anaongea peke yake kama wanavyoongea watu wa hali yake. Wengi wanakaa pale, hawasikii kitu, wana simu zao. Wanaosikia hukimbia. Aliye ndani hutoka kwa namna moja tu, akimuuliza mtu, na mtu akamkubalia. Nani angekubali?" Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Sikujua kama kuna mtu aliyechoka kiasi hicho."

* * *

Asubuhi, jua likiwa limewaka uani, Fundi alimkuta yule mwenye sura ya mama anafua. Alisimama mbele ya beseni.

"Wewe si mama yangu."

Mikono haikuacha kufua. "Hapana."

Kumbe jibu likitoka upesi hivyo linaumiza zaidi. Fundi alikuwa amejiandaa kubishana. Akakaa chini kwenye ndoo.

"Niliingia mle nikiwa sijafika hata umri wa kuolewa," yule alisema, akikamua shati la Fundi. "Kaka yangu alitafuta sanamu ambayo watu wataiona ina uhai. Alikwenda kwa watu wanaojua mambo hayo, wakampa namna ya kufanya. Mimi sikuambiwa. Nikaona jua na mvua, mvua na jua. Watoto wakanichora masharubu. Watu wakanikalia, wakaniambia siri zao, wakazima sigara juu yangu. Nilimuuliza kila mtu. Kila mtu. Mama yako peke yake ndiye aliyenijibu."

"Alikuwa hajui anachokubali!"

"Alijua amechoka."

"Mrudishe."

"Siwezi. Nimejaribu, usidhani sina huruma. Siku ya pili nilikwenda nikampa mkono. Hakuna kitu. Yeye aliye ndani ndiye anayeuliza, na anayejibu ndiye anayeingia. Mama yako haulizi. Anaimba tu."

Fundi akamtazama. Wazo lilikuwa limeshamwingia, na yule akaliona.

"Ndiyo," alisema. "Akikuuliza wewe, ukamjibu, atatoka. Atatembea kwa miguu yako, atatazama kwa macho yako. Lakini atakuwa yeye na kusahau kwake. Hatajua wewe ulikwenda wapi." Akatundika shati kwenye kamba, akalinyoosha mikunjo vizuri, taratibu. "Usifanye. Kaa na mimi. Nitakufulia, nitakupikia. Mama yako alinisimulia yote unayoyapenda. Nitakuwa mama mzuri."

Na akajaribu kutabasamu kama mama. Alikuwa amejifunza. Ilikuwa karibu sawa kabisa.

* * *

Fundi alikwenda jioni ile ile. Alikuwa ameoga, amevaa gauni lake zuri, amemwachia jirani ufunguo wa duka. Alikaa kwenye benchi, akaweka mkono karibu na kile kiganja kinachong'aa.

"Mama."

"Nani huyo? Mbona giza?"

"Ni usiku, Mama. Nisikilize. Niulize kama nimechoka."

"Nikuulize nini?"

"Sema: umechoka?"

"Kwani umechoka?"

"Niulize tena, vizuri. Halafu uniombe mkono. Umechoka, nipe mkono. Sema hivyo, Mama. Tafadhali."

Ilichukua muda mrefu. Mama alisahau katikati, akaanza kuimba, akauliza habari za mlango. Fundi akamfundisha kama mtoto anayefundishwa kuhesabu, neno kwa neno, tena na tena, huku watu wakipita na mifuko yao, huku mwanga ukipungua. Mwisho sauti ndogo ilisema, sawasawa, bila kukosea:

"Umechoka? Nipe mkono."

Kiganja cha sementi kikawa na joto.

Harufu ikaja. Taa zikaanza kuzima, moja baada ya nyingine, kutoka mwisho wa mtaa kuja kwake. Fundi alihisi ubaridi unaanza kwenye kucha za miguu, unapanda, unakaza. Kope zake zikawa nzito. Akaona, kwa mara ya kwanza, wale watu wa madirishani wamegeuka. Wote. Wanamtazama yeye.

Alifumbua mdomo aseme ndiyo.

"Hapana," alisema.

Alijisikia akisema. Ilikuwa sauti yake.

"Hapana, Mama. Sijachoka."

Akauvuta mkono, akaanguka kutoka kwenye benchi, akatambaa hadi kwenye ukuta wa duka lililofungwa. Taa zikawaka. Kutoka ndani ya jiwe mama alisema kwa wema, "Haya, mwanangu. Kama hujachoka ni vizuri." Na akarudi kwenye wimbo wake.

Fundi alikaa pale chini, amejishika magoti. Alisubiri ujasiri urudi ili ajaribu tena. Haukurudi. Kesho yake haukurudi. Wiki iliyofuata haukurudi, na akaanza kuelewa kwamba hautarudi. Akawa anakwenda kila jioni kukaa karibu, si kwenye benchi, bali pembeni yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama akiuliza, anamwambia ni usiku. Nyumbani chakula kilikuwa tayari, moto, chumvi ya kutosha, na yule aliyekipika alimpokea mkoba bila kumuuliza alikotoka.

Ila mama alikuwa amejifunza kitu. Katika yote aliyosahau, lile neno moja lilikaa.

Fundi aligundua hivyo siku msichana wa shule alipokaa kwenye benchi kufunga kamba za kiatu. Msichana alishtuka, akatazama huku na huku, akachukua mkoba wake akatimua mbio. Fundi akasogea, akasikia sauti ya mama, ya huruma, ya mama wa watu wote, inaiambia njia tupu:

"Umechoka? Nipe mkono."

"Mama, usiseme hivyo tena!"

"Kusema nini?"

Angemkatazaje mtu asiyekumbuka kwamba amekatazwa? Akachukua ubao, akaandika RANGI MBICHI, akauegemeza kwenye benchi. Watoto wakauchukua. Akaweka mwingine, mvua ikaufuta. Akaenda manispaa, akamwomba ofisa wa mipango benchi lizungushiwe uzio. Ofisa alimsikiliza kwa adabu, akasema sanamu zile ni mali ya wananchi wote na wananchi wana haki ya kukaa. Kuivunja sanamu hakuthubutu hata kuwaza, kwa sababu ya aliyemo.

Akawa mlinzi. Jioni zote alikuwepo, anawaambia watu nendeni, lina siafu, lina uchafu, limepakwa rangi. Mji ukaanza kusema Fundi naye kichwa kimeanza kumruka, ni ya kurithi. Mdogo wake akaja kumshauri.

"Mama yuko nyumbani mzima, wewe unashinda na sanamu. Aibu hii tutaipeleka wapi?"

Jioni moja mteja alimchelewesha. Ilikuwa suti ya msiba, haikuwezekana kusubiri kesho. Fundi alishona huku jicho liko mlangoni. Alipofunga duka, mwanga ulikuwa bado haujaisha angani, na alijiambia hajachelewa sana. Alipofika, akakaa juu ya ndoo yake, akasikiliza.

Kimya.

"Mama?"

Aliweka sikio. Jiwe lilikuwa bado na joto. Chini ya benchi kulikuwa na kofia ya mwanaume, imepakaa oili.

"Mama!"

Kitu kikajikohoza ndani. Sauti ya mwanaume, nzito, yenye aibu kidogo, kama ya mtu aliyepotea njia kwenye nyumba ya watu.

"Dada, samahani... ni wewe unayeita? Nilikaa tu nipumzishe miguu. Kuna mama mmoja aliniuliza kama nimechoka. Mimi dereva wa lori, dada, nimesafiri siku mbili. Nikasema ndiyo. Sasa sijui... naona giza." Kisha akasema kwa haraka, "Unaweza kumwambia mke wangu nimechelewa kidogo?"

Alimweleza nyumba ilipo. Nyuma ya gereji kubwa, geti la bluu.

Fundi alikimbia. Mke wa dereva alifungua geti akiwa na mtoto mgongoni na simu mkononi. "Hajafika," alisema. "Simu inaita tu, hapokei. Na lori liko gereji. Wewe ni nani?"

"Nilimwona. Kwenye benchi, pale mjini." Pumzi zilikuwa zinamkatika. "Sasa hayupo. Nadhani hajui njia ya kurudi."

"Hajui njia? Mume wangu?" Mwanamke alimtazama, na kitu kwenye uso wa Fundi kikamtisha zaidi ya maneno. Akakaza nguo iliyomfunga mtoto. "Twende. Ni mrefu, ana ndevu, amevaa ovaroli ya bluu. Bega la kushoto limeinama kidogo. Ukimwona utamjua."

Fundi alisikiliza kwa makini, neno kwa neno, maana hizo ndizo zilikuwa alama za mama yake sasa.

Walizunguka mtaa wa maduka, stendi, soko lililokuwa linafungwa. Mke wa dereva aliuliza kila mtu. Mwenye kibanda cha maji alisema ndiyo, alimwona mwanaume wa namna hiyo, analia katikati ya barabara, magari yanampigia honi. Kaelekea wapi? Akaonyesha njia panda, akasema hakuangalia.

"Wewe pita huku, mimi nipite kule," mke wa dereva alisema. "Ukimwona mwite kwa jina, ataitika. Si mtu wa maringo." Akamtajia jina, akaondoka mbio, mtoto anarukaruka mgongoni.

Fundi akashika njia yake. Taa za huko hazikuwa zikiwaka. Alijaribu kuita jina lile la kiume, likakwama.

"Mama," aliita.

Mwanaume mmoja aliyekuwa akipita alimtazama, akaongeza mwendo.